Mbuzi wa Maziwa na Joto la Namna Mbili



Juma hili nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limekwisha kuwagombanisha watu wengi nyumbani mwao, nalo ni maziwa ya mbuzi yanapopungua bila sababu ionekanayo. Mbuzi ni yule yule, majani ni yale yale, mkamaji ni yule yule. Lakini sufuria iliyokuwa ikijaa sasa haifikii nusu. Ndipo watu huanza kutafuta mkosaji. Mmoja humlaumu jirani mwenye jicho, mwingine humlaumu mbuzi, na mwingine humlaumu yule anayekama.

Mama mmoja wa mtaa wa Maringo, hapa Makadara, alinijia mwezi wa Februari akiwa na shauri la namna hiyo. Mbuzi wake, chotara mweupe wa Saanen, alizaa mapacha mwezi wa Novemba. Maziwa yake yaliwatosha wajukuu, na yaliyosalia yaliuzwa kwa majirani wawili watatu. Tangu mwaka uanze yalikuwa yakipungua. Aliyekuwa akimkama ni mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 16, aliyeletwa kutoka Machakos ili asome na kumsaidia kazi za nyumbani. Yule mama alikuwa amekwisha kukata mashauri mawili: mbuzi auzwe kwa wachinjaji wa soko la Burma siku ya Jumamosi, na kijana apandishwe gari arudi kwao, maana aliamini kwamba anauza maziwa kwa siri. Kijana aliapa, akasema, "Shangazi, sikuchukua hata tone moja." Hakusadikiwa.

Nilimwomba yule mama anipe mwezi mmoja tu, pamoja na daftari na kalamu ya risasi. Kwa shida alikubali.

JUA LA NAIROBI NA BATI LA NAIROBI

Nilikwenda bandani saa nane za mchana, saa ambayo mwenyewe huwa sokoni na kijana huwa shuleni. Banda lilikuwa limebanwa baina ya ukuta wa nyumba na jiko, limezungushwa mabati pande tatu, na paa lake lilikuwa chini hata ikanipasa kuinama. Niliweka kiganja juu ya bati, nikakiondoa upesi. Mbuzi alikuwa amesimama, shingo ameinyosha na kinywa ki wazi, wala majani yaliyowekwa mbele yake hakuyagusa. Debe la maji lilikuwa tupu, kwa kuwa mfereji haukuwa umetoa maji tangu juzi, na akiba iliyokuwako ilitunzwa kwa kupikia. Nilishika saa, nikahesabu pumzi zake kwa kutazama ubavu: zilipita 80 kwa dakika moja. Mbuzi aliyetulia kivulini huvuta pumzi kiasi cha 15 hadi 30 tu.

Nyumba za Maringo na za Mbotela zilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Hazikujengwa kwa ajili ya mbuzi. Kwa hiyo mfugaji wa mtaani hujibanza mahali apatapo, na aghalabu mahali hapo hapana mti wala upepo.

Labda mtu ataniambia, "Nairobi si Mombasa." Ni kweli. Mji huu umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hata katika miezi yake ya joto, Februari na Machi, hewa ya kivulini mchana huwa kiasi cha nyuzi 26 hadi 28. Lakini mbuzi haishi kivulini pa wapimaji wa hewa. Aishi chini ya bati. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri humtupia mnyama joto mgongoni kama jiko, na kuta zisizo na matundu huzuia upepo ambao ungeliondoa.

Tena yafaa tukumbuke asili ya wanyama hawa. Saanen na Toggenburg ni mbuzi wa milima ya Uswisi, na Alpine nao wametoka katika milima ya Alps. Huko Nyeri na Meru, ambako wameenea tangu miaka ya 1990, baridi ya Mlima Kenya huwapunguzia taabu. Hapa Makadara hatuna mlima. Mbuzi wa Galla wa kaskazini hustahimili jua kuliko hao, lakini maziwa yake si mengi kama yao. Basi mwenye kumleta mbuzi wa milimani mjini yampasa amletee na kivuli chake.

JINSI JUA LINAVYOINGIA KATIKA MAZIWA

Mbuzi wa maziwa huanza kutaabika hewa inayomzunguka inapovuka kiasi cha nyuzi 25 hadi 30, na zaidi ikiwa ina unyevu na haina upepo. Mwili wake wataka kukaa katika joto lake la kawaida, kiasi cha nyuzi 38 na nusu hadi 40. Likizidi, hufanya mambo mawili ya kujiokoa, na yote mawili huyapunguza maziwa.

Kwanza, huacha kula. Majani yanapooza tumboni mwake hutoa joto, kama vile samadi iliyorundikwa ifukavyo asubuhi. Mbuzi aliyekwisha kupata joto la nje hataki kujiwashia moto mwingine ndani. Asiyekula hana cha kutengenezea maziwa.

Pili, damu huelekezwa kwenye ngozi ili ipoe. Sasa sikilizeni hesabu hii: ili kiwele kitoe lita 1 ya maziwa, yapaswa damu kiasi cha lita 400 hadi 500 ipite ndani yake. Damu ikienda kupoza ngozi, haiwezi kuwa kiweleni wakati uo huo.

Zaidi ya hayo, joto hubadili kazi ya homoni. Homoni ni vitu vinavyotengenezwa na tezi za mwili na kuchukuliwa na damu. Kwa mfano, tuseme homoni ni kama tarishi wa ofisini: tezi ndiyo ofisi, damu ndiyo barabara, na tarishi huchukua amri kwenda kwa wafanyakazi walio mbali. Siku za joto kali, tezi ya shingoni hupunguza matarishi wake wa kuuhimiza mwili ufanye kazi, kwa sababu kazi huleta joto. Prolaktini, ambayo ni tarishi mkuu wa maziwa, huweza kuzidi katika damu, lakini kiwele hakimsikilizi kama kawaida. Na homoni ya taabu, iitwayo kotisoli, huongezeka. Ndiyo maana huwezi kuyarudisha maziwa kwa kumwongezea mbuzi pumba tu wakati bati lingali likimchoma.

Aliyezaa karibuni hupoteza maziwa mengi zaidi, kwa kuwa ndipo mwili wake unapofanya kazi kubwa. Yule aliye mwishoni mwa kunyonyesha, wingi wa maziwa huenda usipungue sana, ila hugeuka mepesi, mafuta yake yakipungua. Na mwenye mimba kubwa aliyekwisha kuachwa kukamwa asisahauliwe: joto la siku hizo huzuia kiwele kukua, na hasara yake huonekana baada ya kuzaa, wakati ambapo mwenyewe amekwisha kulisahau jua.

JOTO LA PILI

Wafugaji husema pia kwamba mbuzi "yuko kwenye joto", maana yake anataka beberu. Joto hili halitoki juani. Laletwa na homoni ya estrojeni, itokayo katika mayai ya uzazi yanapokomaa. Mbuzi jike asiye na mimba hulipata kila baada ya siku 21 hivi, nalo hukaa siku moja au mbili. Dalili zake ni kupiga kelele, kutikisa mkia upesi upesi, kupanda wenzake au kukubali kupandwa, kuvimba sehemu ya uzazi, na kukataa chakula. Siku hiyo maziwa huweza kushuka ghafula, na baada ya siku moja au mbili hurudi.

Huko Ulaya mbuzi wa jamii hizi hutaka beberu katika majira ambayo mchana hufupika. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta mchana wetu haubadiliki sana, kwa hiyo wetu huweza kupata joto mwezi wo wote. Harufu ya beberu nayo ni amri. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani waliitambua dawa iliyomo katika harufu ya nywele za kichwa chake, ambayo huamsha ubongo wa jike na kuanzisha kazi ya homoni za uzazi. Harufu hiyo hiyo huyaingia maziwa. Beberu asifungwe karibu na mahali pa kukamia.

Ni lazima niseme pia juu ya mimba ya maji. Pengine jike huacha kupata joto, tumbo lake hukua, maziwa hupungua, na mwenyewe hufurahi akingoja mwanambuzi. Mimba ya kweli huchukua kiasi cha siku 150. Kisha siku moja maji mengi hutoka, wala hapana mtoto. Watu husema ni uchawi. Si uchawi: ni homoni ya mimba, projesteroni, iliyoendelea kutolewa ilhali mimba haimo, na tumbo la uzazi likajaa maji. Daktari wa mifugo aweza kulitambua jambo hilo na kulitibu kwa sindano ya homoni nyingine. Basi mbuzi akidhaniwa kuwa na mimba, apimwe.

HOFU WAKATI WA KUKAMA

Sasa narudi Maringo, maana niliona neno jingine ambalo sikulitazamia. Jioni ile nilisimama nikamtazama kijana akikama. Shangazi yake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akimwambia, "Leo nayaona kwa macho yangu." Kijana alitetemeka. Mbuzi aliinua kichwa, akapiga mguu, akakataa kutulia.

Maziwa yaliyo katika vijifuko vidogo vya juu ya kiwele hayashuki yenyewe. Chuchu zikipapaswa kwa upole, ubongo hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo huvibana vijifuko hivyo, na maziwa hushuka. Homoni hiyo hufanya kazi kwa dakika chache tu. Mnyama akiogopa, kwa ajili ya mbwa, honi ya gari moshi la Makadara, kelele au fimbo, homoni ya hofu humzuia tarishi huyo njiani. Kwa bahati njema, mbuzi si kama ng'ombe: sehemu kubwa ya maziwa yake huwa imekwisha kuteremka katika nafasi iliyo juu ya chuchu, nayo yaweza kukamwa hata akiogopa. Lakini yanayobaki juu ni ya mwisho, nayo ndiyo yenye mafuta mengi.

Tena maziwa yakiachwa kiweleni, kiwele chenyewe hupunguza kazi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Hannah Research Institute, huko Scotland, waliukama upande mmoja wa kiwele cha mbuzi mara nyingi zaidi kuliko upande wa pili. Maziwa yaliongezeka upande ule tu, ingawa pande zote mbili zilipata damu moja na homoni zile zile. Maana yake ni kwamba kiwele kinachobakishiwa maziwa hujiona kimetosheka.

Basi nilimwambia yule mama kwa heshima, "Mama, mashaka yako nayo yanapunguza maziwa." Hakufurahi, lakini tangu siku ile hakusimama mlangoni tena.

Hapa naonya jambo moja. Watu wengine, wakisikia kwamba kuna homoni ya kushusha maziwa, hutafuta sindano yake mitaani. Msifanye hivyo. Oksitosini ni dawa ya daktari. Haitengenezi maziwa bali hushusha yaliyokwisha kutengenezwa, na mnyama aliyezoezwa sindano huenda akashindwa kuyashusha bila hiyo. Upole wa mkono haununuliwi, nao ndio sindano bora.

LA KUFANYA

Mfugaji wa Makadara hana shamba kubwa, lakini mambo haya yako katika uwezo wake.

Paa liinuliwe, lipite kimo cha mtu. Chini ya bati pafanywe dari ya makuti, mikeka au magunia, pakiachwa nafasi ya upepo. Bati laweza pia kupakwa chokaa nyeupe juu, ili lirudishe jua. Kuta za juu ziwe wazi. Anayejenga upya, banda lake lielekee mashariki na magharibi kwa urefu, jua lipige ncha zake tu.

Maji yawe mbele ya mbuzi mchana na usiku, kivulini. Mwenye kutoa maziwa mengi hunywa mengi, na siku za joto huzidi. Najua mifereji ya Eastlands hutoa maji kwa zamu. Kwa hiyo mbuzi awe na pipa lake la akiba, lenye kifuniko.

Majani mengi apewe alfajiri na jioni, maana wakati wa baridi hula bila taabu. Chumvi ya kulamba isikosekane. Majani yaliyokatwa kando ya barabara yachambuliwe sana, mifuko ya plastiki imeua wengi.

Kukama kuwe saa zile zile, kwa mkono ule ule, mahali palipo kimya, na kiwele kikamwe mpaka mwisho. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa ajili ya homa ya brusela. Kiwele kikiwa kigumu au cha moto, au maziwa yakiwa na mabonge au damu, hayo si mambo ya jua; mwite daktari wa mifugo. Na wale ambao bado hawajafuga, waulize kwanza ofisi ya mifugo ya kaunti, maana Nairobi ina sheria ya mwaka 2015 juu ya kilimo cha mjini.

Ya mwisho, nunua daftari. Andika tarehe, maziwa ya asubuhi, maziwa ya jioni, kama kulikuwa na jua au mawingu, na neno lo lote ulilomwona mbuzi akilifanya. Maziwa yakipungua polepole kwa siku nyingi za jua, kisha yakarudi mawingu yakitanda, litazame paa. Yakishuka ghafula siku moja na kurudi, hesabu siku 21 mbele, ungoje. Yakipungua bila kurudi, katika jua na katika mvua, tafuta ugonjwa, minyoo, njaa au mimba. Mbuzi hasemi, bali daftari humsemea.

Daftari la Maringo lilijazwa na kijana mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Juma la kwanza maziwa yalikuwa machache kama zamani. Juma la pili dari ya magunia ilitiwa, mabati ya upande mmoja yakaondolewa, na pipa la maji likawekwa. Maziwa yalianza kupanda kidogo kidogo. Kisha siku moja yalianguka ghafula. Yule mama alikuja kwangu mbio akisema, "Si nilikuambia?" Tulifungua daftari. Kijana alikuwa ameandika: "Analia tangu alfajiri, anatikisa mkia, hataki kula." Baada ya siku mbili yalirudi. Siku ya 21 yalianguka tena, na dalili zilikuwa zile zile. Safari hii yule mama hakuja mbio. Alikuwa amekwisha kuhesabu siku mwenyewe, na beberu wa kuazima alikuwa amekwisha kuagizwa.

Mbuzi hakupelekwa Burma, na kijana hakupandishwa gari. Jioni moja shangazi yake alimwita mbele ya wajukuu, akamwambia, "Mwanangu, nilikudhania vibaya." Kijana akajibu, "Yamekwisha, shangazi," akachukua sufuria akaenda kukama.

Wasomaji wangu, wako vijana wengi katika mitaa yetu waliofukuzwa kwa ajili ya maziwa ambayo hayakuibwa na mtu. Kabla hujamtia mtu hatiani, nenda bandani saa nane za mchana, uliguse bati kwa mkono wako.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya minyoo ya mbuzi wa mjini na jinsi ya kuizuia.